Nipishe, Nakata Kona

Mtaani kwetu Kivule watu walikuwa wanajua nimerudi kabla hawajaniona. Siyo kwa honi, honi ilishakufa kitambo. Ni kwamba Noah yangu ikifika pale kwa muuza chipsi na kukunja kulia, inaanza. Ta-ta-ta-ta-ta. Kama jitu limejificha chini ya boneti linabangua karanga kwa magego. Nikinyoosha usukani, kimya. Nikiugusa tu, ta-ta-ta. Kona ndogo inalia kidogo. Kona kubwa inalia mpaka muuza chipsi anasahau kugeuza mayai. Watoto wa jirani wameshaudaka mlio wenyewe. Wakisukuma magari yao ya makopo, wakifika kwenye kona wanautoa kwa mdomo, ta-ta-ta. Gari la kopo halina hata injini, jamani, lakini wao wanaona bila ile kelele kona haijakamilika.

Mimi magari siyajui. Mimi nayajua kwa kuyalipia.

Gari lenyewe ni Noah ya lile toleo la 2001 hadi 2007, injini ya lita 2. Nalitaja toleo kwa sababu kila nikilalamika kijiweni lazima adakie mtu, "Noah ngumu hizo, shida ni wewe." Yeye anaisema ile ya zamani, ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, dereva unaikalia, na nguvu inaenda magurudumu ya nyuma. Yangu inavuta kwa mbele. Tairi lile lile linavuta gari, linabeba injini, linakata kona, na ndilo linaloingia shimoni kwanza. Kazi zote hizo mshahara mmoja. Jirani yangu ana Hiace. Hiace yake ina propela inayokwenda nyuma kwenye difu, hajui sivi jointi, kile kiungo cha shafti za mbele, ni mdudu gani, basi kila asubuhi ananiuliza kwa ile huruma ya uongo, "Bado inakusumbua hiyo?" Halafu anawasha, anakata kona kimya, anaondoka. Anakata ile kona pole pole makusudi. Namjua.

Na msiniambie nilinunua gari la zamani. Najua. Wenzetu Kenya, gari likizidi miaka 8 haliingii. Sisi tuna moyo mpana, linaingia, ila unalipia ushuru wa uchakavu. Nikalipa. Kwa hiyo nina karatasi halali ya kuthibitisha kwamba gari langu ni chakavu.

Sasa msikilize hii ilivyoanza. Masika fulani, barabara ya kwetu iligeuka bwawa. Bampa la Noah likawa linalima. Nikitoka nyumbani nalima, nikirudi nalima. Kijana wa gereji akanitazama akasema, "Bosi, hii tunainyanyua tu." Kunyanyua maana yake wanafungua shokapu za mbele, wanaweka spesa juu yake, vile vidude vya duara, na nyuma vilevile kwenye springi. Jioni gari likawa limesimama juu. Nililiangalia, mwenyewe nikajikuta nimebana tumbo. Nikapita kwenye lile bwawa bila kugusa. Nikampungia mkono mwenye Hiace.

Raha ile haikudumu. Kwanza alikuja mama mkwe kutoka Moshi. Hakuweza kupanda. Aliinua mguu, akaushusha, akanitazama. Ikabidi kitafutwe kigoda cha jikoni. Mama mkwe, mtu mzima na heshima zake, anapandishwa gari kwa kigoda pale stendi ya Magufuli, madereva teksi wanashauri aanze na mguu upi. Tangu siku hiyo kigoda kinaishi ndani ya gari. Mke wangu ameshaniambia kigoda kile ndicho kitu pekee kwenye hiyo Noah ambacho hakijawahi kuharibika.

Halafu nikaona rimu ya kushoto ina grisi nyeusi. Imeruka, imechafua rimu, imepanda mpaka kwenye shokapu. Nikaifuta. Kesho yake ipo tena. Nikaifuta. Nikanunua na sabuni nzuri. Gari ni usafi, mimi ndivyo nilivyolelewa. Wiki kadhaa nafuta grisi, tena napiga mluzi, bila kujua kwamba nafuta roho ya gari inatoka kidogo kidogo. Ni kijana wa bodaboda aliyenisimamisha pale kwenye mataa. "Mzee, raba ya sivi imechanika hiyo, unamwaga grisi." Nikamwambia nashukuru, nalishughulikia. Nikapandisha kioo. Sikujua anaongelea nini, lakini bodaboda wote pale walikuwa wananiangalia.

Mlio ulipoanza nikadhani utapona wenyewe. Ulinisubiri siku ya msiba. Tunampeleka marehemu Kinondoni, msafara mrefu, Noah yangu imebeba wazee kwa sababu ina nafasi. Tunakunja kuingia makaburini. Watu kimya, wanawake wanalia taratibu, shehe ameinamisha kichwa. Ta-ta-ta-ta-ta-ta. Kona ya pale siyo fupi. Msafara mzima ukageuka. Mzee aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, lakini gari lote likasikia, "Na marehemu alikuwa anapenda utulivu." Nilitaka kusimama nishuke, lakini kurudi nyuma ningelazimika kukata kona nyingine.

Fundi wangu, yule yule kijana wa gereji, akaniita uwanja wa mpira. Anasema anataka kusikia vizuri. Kunja usukani mpaka mwisho, endesha duara. Nikaendesha duara. Yeye anakimbia pembeni ya gari, kainama, sikio liko usawa wa tairi. Ongeza mafuta kidogo. Naongeza. Geuza upande wa pili. Nageuza. Watoto waliokuwa wanacheza wakakaa kwenye mstari wakaanza kupiga makofi kila ikilia. Baba mtu mzima, nimevaa shati la ofisini, nazunguka uwanjani. Mwisho fundi akatoa hukumu: ukikunja kulia ndiyo inalia zaidi, basi sivi jointi mbovu ni ya kushoto, maana tairi la nje ya kona ndilo linalobeba mzigo. Kwa hiyo kulia ni kushoto. Nikaitikia kwa kichwa. Miaka mingi kichwa changu hakifanyi kazi nyingine gereji.

Kuitoa sasa. Kwenye gurudumu kuna nati moja kubwa inayoshika shafti, inataka soketi namba 30. Fundi hana namba 30. Ana namba zote duniani, hiyo hana. Akanituma nikaazime gereji ya jirani, wakaninyima, wanasema mara ya mwisho haikurudi. Nikaenda kununua. Mimi, mwenye gari, najinunulia spana ili nimlipe mtu aitumie. Wakaunganisha bomba refu, vijana wawili wakaruka juu yake, nati ikaachia kwa mshindo, mmoja akaangukia kwenye beseni la oili. Shafti ikachomolewa giaboksi, na oili ya giaboksi ikaja nayo chini, maana hakuna aliyekumbuka kutega chombo. Beseni alikuwa amelikalia yule kijana.

Walipoichambua jointi ndipo nikaona nilichokuwa nafuta kwenye rimu. Kuna kikombe cha chuma, ndani yake kuna mifereji, na kwenye mifereji gololi 6 zimeshikwa na kikeji. Raba yenye mikunjo inafunika vyote hivyo, ndani yake grisi nyeusi. Raba ikichanika, shafti ikizunguka grisi inarushwa nje, na vumbi la Kivule linaingia kuchukua nafasi. Gololi zinasaga mchanga. Mifereji inalika, inaingia mabonde, gololi zikifika kwenye bonde zinaruka. Hiyo ndiyo ta-ta-ta. Fundi alinimiminia kiganjani kile kilichokuwemo. Yalikuwa matope ya barabara yetu kabisa, nikayatambua.

Nikakaa kwenye tairi bovu, nikashika simu, nikasoma. Kumbe kitu hiki kina mwenyewe. Miaka ya 1920 kulikuwa na mhandisi wa Ford anaitwa Alfred Rzeppa, jina ambalo mpaka leo nimeshindwa kulitamka. Tatizo lilikuwa hivi. Ile krosi ya kawaida, ya kwenye propela ya Hiace, ukiikunja sana mzunguko wake unaenda kwa kusitasita, mara haraka mara pole, ndani ya mzunguko mmoja. Nyuma haidhuru, magurudumu hayakati kona. Ukiiweka mbele usukani utakutetemesha mpaka meno. Rzeppa akapanga gololi kwenye mifereji iliyopinda, ili jointi ikunjwe vipi, gololi zibaki katikati ya ile pembe, nusu huku nusu huku, na mzunguko utoke sawa na ulivyoingia. Mwaka 1959 Waingereza wakatoa Mini, ka-gari kadogo kanakovuta kwa mbele, na jointi ya namna hiyo ndani. Baada ya hapo kila mtu akafuata. Nilimsomea fundi yote hayo. Akaniuliza kama huyo Rzeppa ana spea.

Kabla ya spea lakini kuna utamaduni. Ukifika na raba iliyochanika, anatokea mtu anataka kuifunga kwa tyubu ya baiskeli. Tulifunga. Ilikaa mpaka kwenye tuta la pili. Mwingine ana raba iliyopasuliwa makusudi, haihitaji kufungua shafti, unaizungushia tu unaigundisha kwa gundi. Tuligundisha. Gundi haipendi grisi, mimi sijui kwa nini wamezikutanisha. Mwingine akasema tuhamishe, jointi ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto, ili gololi zisugue upande ambao haujalika. Na hii ina akili, msiicheke, kwa muda inanyamaza kweli. Kwangu ilinyamaza siku chache, halafu zikaanza kulia zote mbili. Sasa nakata kona kwa stirio.

Ndipo wakasema tuache kuremba, tubadilishe moja kwa moja, tuweke kitu kipya, bora kuliko kilichokuja na gari. Nenda Gerezani, bosi, kwa wauza spea. Beba na shafti ya zamani kwa sampuli.

Ninyi mmewahi kupanda daladala na shafti ya gari? Msipande. Ni chuma kirefu, kizito, kichwa huku kichwa kule, na kote kinatoa grisi. Niliifunga kwenye mfuko wa sandarusi. Mfuko ukatoboka kabla hatujafika Banana. Konda anauliza hiyo silaha inalipiwa na nani. Nikalipa nauli ya shafti. Imelipiwa, lakini haina siti, nimeipakata. Dada aliyekaa pembeni amevaa gauni jeupe, anakwenda kwenye usaili wa kazi, alikuwa ananisimulia mwenyewe kwa furaha. Daladala likafunga breki. Nisiendelee. Nilishuka kituo kisicho changu na watu wakashuka nusu mlangoni kunisindikiza kwa maneno.

Dukani naweka shafti kwenye kaunta. Kijana haitazami. "Meno mangapi?" Namwambia ya Noah. "Noah najua, mzee. Meno ya nje mangapi, ya ndani mangapi, ina ABS haina?" Kumbe ile sehemu inayoingia kwenye hab ina meno, na ndani ya kikombe inaposhika shafti kuna meno mengine, na gari moja hilo hilo laweza kuwa na hesabu tofauti. Nikaanza kuhesabu. Meno yamezunguka duara, hayana mwanzo. Nikifika ishirini na kitu sijui nilianzia wapi. Narudia, napata jibu jingine. Foleni nyuma yangu inakua. Mtu wa nyuma akaanza kunisaidia kwa sauti, wa nyuma yake akambishia. Kijana akachukua chaki, akaweka alama kwenye jino moja, akahesabu kwa ukucha, akamaliza. Darasa la pili tulifundishwa hivyo hivyo kwa vizibo vya soda. Nikachukua mpya za pande zote mbili, za boksi, zimepakwa rangi nzuri. La ABS nilimwambia sihitaji, mimi siendi kasi.

Zikafungwa. Kimya! Nikazunguka mzunguko wa barabara bila sababu, nione. Kimya. Nikaenda kukata kona mbele ya mwenye Hiace. Kimya, lakini kwenye dashibodi taa ya njano ikawaka. ABS. Jointi ya gari kama langu lenye ABS inakuwa na pete ya meno mgongoni, sensa inayasoma ijue tairi linazunguka kasi gani. Zangu mpya migongo ilikuwa laini. Sensa inatazama, haioni kitu, inadhani tairi limesimama. Nikarudi kwa fundi. Fundi akasema hilo dogo, akafungua dashibodi atoe balbu.

Nami ningemwacha atoe, lakini hata hizo mpya hazikumaliza msimu. Raba ikachanika tena. Upande ule ule. Grisi kwenye rimu ile ile, mimi na sabuni yangu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, akanipeleka mwenyewe kwa mzee mmoja wa Ukonga anayewatengenezea magari walimu wenzake. Mzee hajagusa spana. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, anaangalia Noah kutoka mbali, anakunywa kahawa. Akauliza swali moja tu: "Nani kainyanyua hii?"

Hapo nilipata hasira, kwa nini wote waliotangulia hawakuuliza. Fundi wangu wa kwanza hawezi kuuliza, alizifunga spesa yeye. Mzee akaniinamisha chini ya gari. Giaboksi ya Noah imekaa kushoto, ndiyo maana shafti ya kushoto ni fupi na ya kulia ndefu. Ukinyanyua bodi, injini na giaboksi vinapanda, tairi linabaki ardhini, shafti inalazimika kuteremka kwa mkao mkali, na ile fupi ndiyo inayopinda zaidi. Jointi ya nje ina uvumilivu, inaweza kukunjika hata nyuzi 45, imeumbwa hivyo kwa ajili ya kona. Ya ndani, upande wa giaboksi, siyo ya gololi 6, ni ya miguu mitatu yenye rola, kazi yake hasa ni kuingia na kutoka gari linaporukaruka, na uvumilivu wake wa kupinda ni kama nusu ya hapo. Raba nazo, mikunjo inagusana upande mmoja na kuvutika upande wa pili muda wote, hata gari likienda njia iliyonyooka. Zinasuguana zenyewe mpaka zinatoboka. Ungeweka shafti ya dhahabu, raba ingechanika.

Kwa hiyo marekebisho yangu makubwa yalikuwa haya: spesa zikatolewa. Gari likashuka. Shafti zikanunuliwa used za Japani, nzima nzima, kushoto na kulia, siyo jointi ya boksi. Nikamwuliza mzee kwa nini kilichotumika kiwe bora kuliko kipya. Akasema Japani gari la mtu binafsi linakaguliwa kila miaka 2, likiwa jipya mara ya kwanza baada ya miaka 3, ukaguzi wao unaitwa shaken, na raba ya shafti ikiwa imechanika gari halipiti. Basi wao raba inabadilishwa mara tu inapopasuka, mchanga haujaingia, na gololi zinafika kwetu zinang'aa. Hata hivyo alizifungua, akazisafisha, akatia grisi mpya ile nyeusi ya molibdeni, akafunga raba mpya na bendi za chuma mpya, akaweka oili sili mpya giaboksi, na nati mpya ya hab, maana ile ya zamani ikishagongwa mdomo ikafunguliwa haiaminiki tena. Pete ya ABS ipo. Taa ikazima yenyewe.  

Sasa nakata kona kimya. Muuza chipsi hanioni napita, ameshanipigia simu kuuliza kama nimehama. Mama mkwe anapanda bila kigoda. Bampa, ndiyo, linalima tena, na masika yanakuja, na mwenye Hiace ameniuliza kwa huruma kama siwezi kuinyanyua kidogo.

Wewe mwenye gari la kuvuta kwa mbele, leo ukiegesha kunja usukani mpaka mwisho, inama, chungulia nyuma ya tairi. Ukiona raba imechanika lakini jointi bado hailii, badilisha raba na grisi hivyo hivyo leo, ni hela ndogo mno kuliko shafti. Ukienda Gerezani hesabu meno nyumbani, kwa chaki. Na nani huyu aliyeazima soketi yangu namba 30, jamani, aniletee. Haulizwi kitu, aiache tu pale kwa muuza chipsi.